Difu ya Mzee Telesphory

Mzee Telesphory alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalihusu lori lake. Ukimwamkia, atakuitikia marahaba, halafu atakuambia breki za nyuma zinakaza. Mkewe Marcelina alifariki zamani, watoto walikuwa Dar es Salaam, na nyumba yake ya Katubuka ilikuwa ya kulala tu. Mimi nauza chai na chapati Mwandiga, ubavuni mwa gereji, kwa hiyo nilimwona kila alipoleta lile lori. Na alilileta mno. Hakuna gari linalougua kiasi kile.

Fundi wake alikuwa Calixte Ndayikunda, Mrundi aliyevuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, akakulia Ilagala. Alisema Kiha mpaka Waha wenyewe wakasahau kwamba si mwenzao. Kwa Calixte ndiko Mzee alikoongea. Hata kucheka alicheka, nami nilikuwa nikigeuka kutazama ni nani huyo anayecheka.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Barabara ya Ilagala ikawa tope tupu, na lori likawa linalala tumbo kila alipokwenda kuchukua mawese. Mzee akapata matairi makubwa mnadani, yaliyotoka kwenye lori la kupeleka chakula kambini kwa wakimbizi, akayafunga. Tope likamwachia, mlima wa Kalinzi, njia ya Manyovu, ukamkamata. Tairi likiwa kubwa linazunguka mara chache, na injini ndiyo inayolipa. Pale alipozoea kupanda kwa gia ya tatu, akawa anapanda kwa ya pili huku lori linakohoa. Dawa yake ni kubadilisha difu, ile iliyo katikati ya ekseli ya nyuma: unatoa ya kukimbia, unaweka ya kuvuta. Calixte alikuwa ameshaipata Ujiji, kwenye lori bovu, akaiweka gerejini chini ya turubai.

"Tusiharakishe, Mzee," Calixte alisema. "Ukiweka difu ya kuvuta bila sababu, kwenye tambarare utatambaa na mafuta yatakwisha. Kwanza pandisha mzigo. Lori likiomba gia ya kwanza na klachi ikinuka, hapo nitaifungua difu."

"Haya, tutaangalia."

Wakaangalia. Wakaangalia mpaka mvua zikakatika. Kila Mzee aliposhuka kutoka Kalinzi alipita gerejini, wakaingia wote wawili uvunguni mwa lori, wakagonga hiki na kile. "Limeomba ya kwanza?" Calixte anauliza. "Bado, ya pili inatosha." Halafu wanaagiza chai, wanakaa mpaka nafunga. Lakini mimi nina pua. Klachi ile ilinuka mpaka kwenye chapati zangu, wateja wakawa wananiuliza naunguza nini. Nikanyamaza, funika kombe mwanaharamu apite.

Ndipo Warundi walipoanza kurudi kwao. Kambi zilikuwa zikipungua watu, na hata waliokuwa wameshazoea vijijini walikuwa wakiulizana, unakwenda au unabaki? Vénérande, mke wa Calixte, alitaka kwenda. Mama yake alikuwa hai bado huko kwao Rumonge, mzee, macho yameanza kumwacha. Calixte akamjibu kwamba ana kazi ya mtu mkononi. Kwa mafundi wetu hilo halina mjadala: huhami ukaacha kazi ya mtu, ni aibu itakayokufuata hadi uendako. Vénérande angesema nini tena?

Siku moja alikuja akakaa kwenye benchi langu. Hakuagiza kitu.

"Dada Shadia, hilo lori lina ugonjwa gani usiopona?" aliniuliza. "Mama atakufa sijamwona. Nitafika nionyeshwe kaburi."

Akalia. Mimi hasira zangu huwa ziko karibu, sizitafuti. Mzee Telesphory alipokuja nilimwekea chai, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Mzee. Klachi yako inanuka tangu wakati wa mvua. Unamficha nani?"

"Marahaba. Ya pili inatosha."

"Haitoshi, na unajua kwamba haitoshi. Mume wa mtu umemfunga kwenye hilo lori lako. Vénérande ana mama, Mzee."

Alikishika kikombe cha moto kwa mikono miwili kama hakisikii.

"Calixte akienda," akasema, "nitaongea na nani?"

Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo bado.

Asubuhi yake aliingiza lori gerejini, akazima.

"Calixte, limeomba ya kwanza. Ifungue."

Calixte hakuuliza limeomba wapi. Alivuta turubai, wakashinda kutwa chini ya lori, oili imewafika viwikoni. Nilipowapelekea chai nilimsikia Calixte akisema, kichwa kiko bado uvunguni, "Mzee, difu hii ilitakiwa kubadilishwa siku ile ile tuliyofunga matairi. Mimi ndiye niliyesema tungoje."

"Najua," Mzee akasema. "Nipe spana."

Watu wazima hao! Wanapendana kama ndugu wa tumbo moja, na kinywa kikifunguka kinatoa habari za difu. Niliweka vikombe chini nikaondoka, maana nami machozi yalikuwa yananijia na sikutaka wanione.

Wengine waliondoka kwa mabasi ya msafara. Mzee alikataa, akasema atawapeleka yeye mpaka Manyovu, mpakani. Akapakia magodoro, masufuria, mbuzi, na sanduku la vifaa vya Calixte. Vénérande alikaa katikati, akicheka na kulia kwa pamoja, akamwita Mzee shemeji.

Mzee alirudi jua likiwa linaelekea ziwani. Gereji ilikuwa imefungwa, hata hivyo alisimamisha lori pale pale mlangoni, akaja kukaa. Nikamuuliza habari za lori.

"Limepandaje Kalinzi?"

"Kwa ya tatu, na mzigo wote ule. Halikukohoa." Alikuwa akiitazama barabara ya Manyovu. "Njia nzima nilikuwa naomba lizime, Shadia. Lizime tu, tulale njiani hata usiku mmoja."

"Halikuzima?"

"Litazimaje? Amelitengeneza Calixte."