Padi ya Mgeni

Pale Água Fria, mtaa mmoja wa Brazili, ukiuliza bingwa wa gemu ya mpira ya kwenye runinga ni nani, watu watakuonyesha kwa kidevu nyumba ya Dona Eronildes, mjane anayeuza kuskusi ya mahindi na kahawa mlangoni kila asubuhi. Cheka ukitaka. Wengi walicheka kabla yako, wakatoka pale wamebeba mabao.

Mashine yake ya gemu ilikuwa kuukuu, ya wakati ule watoto wake walikuwa bado wako nyumbani. Watoto waliondoka, mashine ikabaki, na ndani yake diski moja tu, ile ya sokoni, ambayo mafundi wa mtaani waliichokonoa wakaingiza timu za Brazili na mtangazaji wa Kibrazili anayepayuka. Eronildes hakutaka nyingine. Mwanawe mkubwa alimletea mashine mpya, yenye majani yanayotikisika uwanjani na jasho kwenye paji la uso la mchezaji. Mashine ikataka intaneti, ikataka nywila, halafu ikasema isubiriwe ijisasishe.

"Isubiriwe kama nani?" akauliza Eronildes. "Kama daktari? Itoe hapo."

Kwenye diski yake hapakuwa na kusubiri. Vitufe vyenyewe ni vichache, na kila kimoja vidole vyake vilikijua kama vinavyojua sufuria zake. Alijua kipa gani huogopa mpira wa kona ya kushoto. Alijua mtangazaji atapayuka lini, naye humjibu kabla hajamaliza: "Nimeshaona, baba, usinipigie kelele." Na kubwa kuliko yote, Santa Cruz, timu ya moyo wake, ilikuwa bado ligi kuu. Nje huko Santa ilishuka daraja, ikashuka tena, ikashuka mpaka watu wakachoka kuhesabu. Ndani ya diski, Jumapili baada ya Jumapili, Santa ilipanda uwanjani na wakubwa wenzake, jezi zikimeta, na wale washambuliaji ambao leo wana vitambi na wajukuu walikuwa bado wanakimbia.

Mpinzani wake wa Jumapili alikuwa Genival, mdogo wake, kondakta mstaafu, mtu wa Náutico, mahasimu wa Santa, tangu tumboni. Alikuwa akija baada ya misa, anakunywa kahawa, anakula kipande cha keki ya muhogo, anapigwa.

"Hao wako wanatembea, Genival! Wamebeba jeneza?"

"Wanatembea kwa sababu hawana haraka, dada. Haraka ni ya wenye madeni."

"Ona, ona, wanaaga njiani! Nne bila."

"Tena."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Genival. Akifungwa husema "tena," anajifuta viganja kwenye suruali, anaanza upya.

Ednaldo wa nyumba ya tatu hakuwa hivyo, au tuseme Eronildes hakuwa hivyo kwa Ednaldo. Zamani Ednaldo aliwahi kumfunga mbili moja kwenye kochi lake mwenyewe. Eronildes akazima mashine, akafungua mlango, na tangu siku ile Ednaldo hununua kuskusi mtaa wa pili. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wangemwambia yeye, angewauliza wao wameshinda nini.

Padi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea, zilikuwa mbili. Ile nzuri ilikuwa ya mwenye nyumba. Ya pili aliinunua mitumba sokoni, nayo ilikuwa ya mgeni. Ndio desturi ya kila nyumba pale mtaani. Mgeni hupewa iliyochoka, na akilalamika huambiwa mchezaji mbovu husingizia buti. Eronildes hakuwahi kuishika ile ya mgeni. Angeishikia nini, na nyumba ni yake?

Kisha Genival akapata kiharusi. Akakaa hospitali, akatoka, binti yake Lucicleide akamchukua kwake, mji wa Paulista. Jumapili ya kwanza Eronildes alipika keki, akaila peke yake kwa hasira. Jumapili iliyofuata mbwa akatafuna waya wa ile padi nzuri. Akaipeleka kwa fundi, Seu Abdias, na ili asikae bure, akachomeka ya mgeni kucheza na mashine.

Akachagua Santa. Akabonyeza kitufe cha kukimbia. Mchezaji wake akatembea.

Akabonyeza kwa nguvu. Akabonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Mchezaji akajikokota vilevile, na beki wa mashine akamjia mbio, akamnyang'anya mpira kama anayemnyang'anya mtoto pipi. Eronildes akaipuliza padi, akaigonga gotini, akaijaribu tena. Kitufe kilikuwa kimekufa. Hakikufa jana, kwani uchafu uliokigandia ulikuwa wa miaka.

Akaiweka chini taratibu. Mtangazaji alikuwa anapayuka, yeye hakumjibu. Alikuwa anazikumbuka nne bila, na tano bila, na jeneza.

Seu Abdias alipomaliza kazi, Eronildes akaifunga mashine kwa taulo, akaitia kwenye beseni la kuskusi pamoja na padi zote mbili, akaenda Paulista. Alilotaka lilikuwa moja tu, nalo halikuwa limewahi kumpita moyoni maishani mwake. Alitaka afungwe. Afungwe na Genival, kwa padi nzima, kwa haki, hata mara moja.

Alimkuta kwenye kiti cha kamba mbele ya runinga, amekonda, mdomo umevutwa kidogo upande. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Umekuja kunipiga nikiwa mgonjwa?" akasema Genival. Maneno yalitoka mazito, lakini yalikuwa yaleyale. "Huna aibu, dada."

"Nyamaza. Shika hii." Akampa ile nzuri.

Genival akaiangalia, akaiangalia ile aliyobaki nayo dadake. Akacheka mpaka Lucicleide akachungulia kutoka jikoni.

"Umejua," akasema.

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Miaka yote hiyo! Kwa nini hukufungua mdomo?"

"Ningekuomba yako, ungenipa?"

Eronildes akaanza kuitoa mashine kwenye taulo.

"Au ungenipa nikakufunga. Halafu? Ednaldo anakunywa kahawa wapi siku hizi?"

"Ednaldo mwongo. Lile bao la pili lilikuwa la kuotea."

"Unaona?" akasema Genival. "Mimi nilikuwa naitaka Jumapili."

Eronildes akainama kuchomeka nyaya, akakawia kule nyuma ya runinga zaidi kuliko kazi ilivyotaka. Alipokaa, alishika padi ya mgeni.

"Hiyo sawa," akasema Genival. "Hapa mgeni ni wewe."

Genival aliiweka padi pajani, akaiendesha kwa mkono wa kushoto pekee. Akikimbia, hawezi kupiga. Akitaka kupiga, lazima asimame, avushe kidole upande wa pili. Náutico wake walikimbia, kwa mara ya kwanza Eronildes aliwaona wakikimbia, wakafika golini, wakasimama kama waliosahau walichotumwa. Eronildes akawasogeza mabeki wake pembeni. Akaliacha goli wazi.

Genival akasimamisha mchezo.

"Umeniachia."

"Sijakuachia."

"Dada, nitazame. Mimi sikukuachia hata bao moja. Umesikia? Nilipambana na nilichopewa, na ulinifunga kwa sababu unajua kufunga. Usije nyumbani kwangu ukanifanya maskini."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Kimechelewa. Cheza."

Basi akacheza. Timu yake ilitembea, na kwa kuwa ilitembea ikabidi apasiane, mguu kwa mguu, pasi fupi na subira, na ndipo alipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya mdogo wake pale kochini miaka yote, huku yeye akimwimbia jeneza. Zile pasi alizozidharau zilikuwa nzuri. Hakuwahi kuzitazama. Akafunga moja. Akafunga ya pili. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini.

Firimbi ikalia. Alingoja neno moja, "tena." Genival alikuwa amefumba macho, mkono mzima umeushika ule mgonjwa.

"Nani kashinda?" Lucicleide akauliza kutoka jikoni.

"Nani mwingine?" akasema Genival, kwa sauti ya mtu anayejisifia cha kwao.

Jibu hilo Eronildes alilipenda maisha yake yote. Siku ile alitamani sana kusikia jina jingine. Akainuka, akaanza kukunja nyaya.