Mama Alipiga Makofi

Mu soko ya Nchelenge, kila muchuuzi akifungua karton ya sabuni ya maua, miye muzee mwenye mashua tatu natema mate chini. Nilipokuwa mutoto, Madame wetu muzungu wa masomo alikuwa ananuka vile.

Siku moja bazazi betu, bababa na bamama, balikuja kumulalamikia: hesabu imezidi, batoto banachoka. Madame akatabasamu.

"Muko na haki. Batoto ba bazungu, kazi mingi inabajenga. Benu, kichwa yabo haikuumbwa kwa hesabu. Tutabapatia jembe, bapumzike."

Mama akapiga magoti, akapiga makofi ya asante. Bazazi bote nao bakapiga.

Miye ndiye nilikuwa wa kwanza mu hesabu.

Mu njia mama akaniuliza, "Mwana wangu, haufurahi? Madame amekuhurumia."

Kesho yake, saa ya hesabu, nilikuwa napalilia nyanya za Madame.