Ndovu kwa Chemchemi

Miaka ile makampuni ya simu yalipokuwa yakigombea kila kilima cha kusini kusimika mnara, na biashara ikawa ruhusa kwa yeyote mwenye mtaji na moyo, Stamili alifungua duka la intaneti mjini Newala. Lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta kuukuu na feni inayolalamika. Kuchapa barua na kutoa kopi alimwachia rafiki yake Agatha. Yeye alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, na wateja walipoadimika, alicheza mchezo.

Ulikuwa mchezo wa kujenga vijiji. Kila mchezaji alipewa kipande cha ardhi akilime, afuge, abadilishane mali na wenzake waliotapakaa duniani. Ardhi iliyomwangukia Stamili ilikuwa kame, vumbi tupu. Siku ya kwanza alipoiona alicheka mpaka akatoa machozi. Alizaliwa Kitangari, kwenye uwanda wa juu usio na mto, akakua akishuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kumbe hata kwenye nchi isiyokuwepo wamempa mlima usio na maji!

Mali yake kubwa humo ilikuwa ndovu wa rangi ya fedha. Alimlea tangu mikorosho ilipotoa maua mpaka korosho zikaokotwa zikaisha, na ndovu wa aina ile walikuwa adimu. Alimlea kwa jambo moja: ambadilishe, apate chemchemi. Chemchemi hazikuuzwa. Waliokuwa nazo walizipata zamani, mchezo ulipoanza, na wachache kati yao walikubali kuachana nazo. Ndovu akipotea bure, kijiji cha Stamili kingebaki vumbi daima.

"Mama Furaha," Agatha alikuwa akimchokoza, kwa kuwa mtoto wa Stamili aliitwa Furaha, "unamlisha tembo asiye na hata kinyesi! Shambani kwenu wakija mnawafukuza kwa kupiga madebe, huyu unambembeleza."

"Huyu hali mihogo yako, Mama Petro."

"Ndiyo maana simwamini."

Alasiri moja ujumbe ulitokea kwenye kioo, kwa Kiswahili. *Shikamoo mama. Mimi mtoto wako wa Chilangala.*

Stamili alisogeza kiti karibu na kioo. Katika nchi ile walipita Wakorea, Wabrazili, watu wenye majina yasiyotamkika, na hakuna aliyewahi kumwamkia. Leo jirani, mtu wa uwanda huuhuu, anabisha hodi humo ndani!

*Marahaba mwanangu,* aliandika. "Mama Petro, njoo uone! Mtu wa Chilangala!"

Agatha aliacha kopi zake akaja kuinamia kioo. "Yuko humo? Ameingilia wapi?"

Mtu yule aliandika kwamba anayo chemchemi, na kwa kuwa ni nyumbani, yuko tayari kumpa mama yake. Ila dirisha la kubadilishana, ambamo kila mmoja huweka mali yake mwenzake aikague, lilikuwa linasumbua siku hiyo. *Nitumie ndovu kama zawadi, nami nakutumia chemchemi hapohapo. Ukiwa na wasiwasi, rafiki yangu huyu atatushikia vyote viwili.* Na kweli, rafiki akatokea, amevaa taji na joho. *Fanya haraka mama, kuna Mkorea ananisubiri.*

Ukishaitikia marahaba, umekubali kuwa mzazi, na mzazi wa uwanda ule hamwambii mtoto wa watu kwamba hamwamini. Kumdai ushahidi aliyekuamkia ni kumtukana mama yake. Stamili alijua vizuri kwamba dirisha lile ndiyo njia ya halali, lakini aliona haya. Mshale wake ulikwisha fika kwenye neno la kutoa zawadi.

"Mshenga wa wapi huyo anayeletwa na mwoaji?" Agatha aliuliza. "Posa gani hiyo? Sisi upande wetu tuna nani?"

Stamili aliondoa mkono. Akamkumbuka mama yake, enzi wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo, walipoanza kupita vijijini na mabakuli yao ya kupimia korosho, yaliyogongwa kitako kikatokeza nje ili yameze zaidi. Mama yake alikuwa akitandika mkeka mlangoni. Korosho upande huu, malipo upande ule, na hakuna mkono unaogusa chochote mpaka wote wawili wamekagua wakaridhika. Walikuwepo walionuna wakaondoka. Aliwaacha waende.

Hata hivyo hakutaka kumvunjia heshima mgeni. Basi akamuuliza kama anavyoulizwa mtu yeyote aliyetoka nyumbani: *Habari za huko? Maji mnachota wapi siku hizi?*

Jibu lilikuja upesi. *Mtoni tu mama. Mto uko nyuma ya nyumba yetu.*

Agatha alijishika mbavu. "Mto! Chilangala! Haki ya Mungu, wamechimbiwa lini?"

Mtu wa uwandani ukimuuliza habari za maji huanza kwa kuguna, kisha anakueleza mteremko, foleni, na ndoo ya jirani iliyopenyezwa mbele. Mto hana. Stamili aliandika: *Mwanangu, tutumie na sisi mkondo mmoja.*

Likaja tusi. Kisha mtu akatoweka, na rafiki mwenye taji akatoweka naye papo hapo, kama mtu na kivuli chake.

Kilichomtisha Stamili zaidi ya hasara aliyoiepuka ni kwamba mtu asiyemjua, mahali asipopajua, alikaa akasoma neno "Newala" kwenye ukurasa wake, akatafuta kijiji cha karibu, akajifunza kumwamkia. Akalifuta neno lile.

Mwenye chemchemi wa kweli alikuja mwanzoni mwa masika. Alikuwa mtu wa Ufilipino, hakujua Kiswahili, wala hakusalimu. Alifungua tu dirisha la kubadilishana. Stamili akamweka ndovu upande wake, upande wa pili ikatokea picha ya maji. Aliigusa picha akasoma jina herufi kwa herufi. Akasubiri, akaigusa tena, isije ikawa imebadilishwa. Na mshale wa mwenzake nao ulikuwa ukimgusa ndovu, mara kichwa, mara mgongo, bila haraka.

"Anamkagua," alisema Agatha, safari hii kwa heshima.

"Amkague. Ndiyo biashara."

Wakakubali wote wawili. Dirisha likauliza mara ya pili, wakakubali tena. Ndovu akatoweka. Kioo kikawa cheupe.

"Wamemla ndovu," Agatha alinong'ona.

Mtandao ulijikongoja kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kisha kijiji kikarudi kipande kwa kipande: paa, zizi, njia ya vumbi, na juu kileleni, palipokuwa na jiwe tupu, maji. Yalibubujika, yakajipinda, yakashuka kati ya nyumba, na kila yalipopita ardhi ikawa kijani.

Agatha alivuta kiti akaketi. "Yanatoka wapi?"

"Sijui."

"Yanakwisha?"

"Hayaishi, Mama Petro. Tazama. Hayaishi."

Mteja aliyeleta cheti kitolewe kopi aligonga meza. Akazunguka nyuma yao kuona kulikoni, akasimama pale, cheti mkononi, mdomo wazi, naye akitazama maji yakiteremka.