Kitambaa cha Rangi ya Jani Changa

Aibu hii ni ya juzi tu, na bado nawakwepa watu wa Matema, kijiji chetu cha kando ya ziwa.

Tangu vita vianze, mimi mlinzi wa bohari ya Wajerumani nilimshuku kila aliyelitazama ziwa. Tuliambiwa Waingereza wa ng'ambo ya ziwa wana wapelelezi kwetu. Basi nikaona kitambaa kimetundikwa mtini karibu na kijito, nyuma ya nyumba yangu. Kilikuwa cha manjano iliyoingia ukijani, kama jani la mgomba linapofunguka. Jioni kikaondolewa, kesho yake kikarudi. Hapa watu huvaa kaniki na nguo nyeupe. Nikawaza kwamba rangi ile imechaguliwa ili ionekane kutoka ziwani.

Nikamweleza askari mmoja, mgeni wa pwani asiyejua Kinyakyusa.

"Una hakika, mzee?"

"Naapa. Ni ishara ya adui."

Tukanyata hadi kijitoni, tukatokeza ghafla. Mke wangu alikuwa amesimama majini, na nyuma yake alikuwa mkamwana wetu, aliyeolewa majuzi, anaoga. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa, hata njiani hukwepana. Binti akajifunika uso, akaanza kulia.

Mke wangu akasema taratibu, kwa Kinyakyusa, "Baba Ambakisye, kitambaa kile tulikutundikia wewe. Tulitafuta rangi utakayoiona tangu mbali, usipite huku mkweo anapooga. Nilidhani umeelewa."

Askari akanigeukia, bunduki mkononi.

"Anasema nini, mzee? Nitafsirie."