Hezron na vitundu vya kila Jumamosi

Kabla hajagusa chuma chochote asubuhi hii, Hezron Andayi anageuza viganja vyake juu na kuvikagua kama mama anayemkagua mtoto kabla ya chakula. Vinapomridhisha, anavaa glavu nyeupe za pamba. Ni saa moja, kusini mwa Riyadh, na mabati ya karakana tayari yameanza kutoa joto.

Mezani kuna mikono sita ya chuma. Ni vipande vya sapenshen, vile vinavyoshika ski za mbele za pikipiki ya theluji na kupokea mishtuko ikiruka matuta. Ndiyo, theluji. Hapa nje joto litafika nyuzi arobaini na nne kabla ya adhuhuri.

"Watu wa nyumbani hucheka nikiwaambia," asema Hezron, 36, mzaliwa wa Butere, magharibi mwa Kenya. "Wananiuliza, hiyo theluji iko wapi Saudia? Nawaambia hata mimi sijaiona. Mimi naona vyuma tu."

Vyuma hivyo ni vya ndugu wa mwenye karakana, anayekodisha pikipiki za theluji milimani Uturuki. Kila kiangazi huletwa Riyadh kuvuliwa rangi kuukuu na kupakwa rangi ya poda, ile inayopulizwa ikiwa unga mkavu kisha kuokwa tanurini hadi iyeyuke na kushika.

Anayepuliza poda ni Reuben Nyabuto, Mkenya mwenzake kutoka Kisii. Kazi ya Hezron ni yote yanayotangulia: kung'oa bushi za mpira, kupiga mchanga hadi chuma kibaki kijivu, kuosha mafuta, kuziba kila tundu la boliti poda isiingie, na kutundika kwenye kulabu. Akifanya vizuri hakuna anayemkumbuka. Akikosea, karakana nzima inalijua jina lake.

Na jina lake hapa lilikuwa Batatisi, yaani viazi kwa Kiarabu. Wiki ya kwanza vizibo vya silikoni vilimwishia, naye akafanya kile ambacho Butere hufanyiwa mtungi wa mafuta ya taa uliopoteza kifuniko: alichonga viazi. Tanurini, katika nyuzi mia mbili, viazi vilichemka, maji yakabubujika na kuharibu rangi kuzunguka kila tundu. Karakana ilinuka chipsi hadi jioni.

"Nilikwangua siku mbili nzima," asema. "Wote wananiita Batatisi, Batatisi! Ningefanyaje? Nilicheka nao."

Kicheko hicho kilikuja kumponza.

Hezron alifika Saudia miaka mitano iliyopita. Alianzia Jeddah, akibeba mizigo ya wenye maduka mtaani Balad kwa riyali 1,000 kwa mwezi na kulala Al-Mahjar katika chumba cha wanaume wanane. Mkewe, Valary, alipopata kazi ya nyumbani Al-Malqa, Riyadh, wawili hao walikuwa nchi moja lakini wakitenganishwa na karibu kilomita elfu moja. Kwa miaka miwili walionana mara moja tu.

Aprili mwaka huu mwenye karakana alikubali kuwa kafili wake, yaani mdhamini, kwa majaribio ya siku tisini. Akifaulu, ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ingeandikwa fundi na mshahara kupanda hadi riyali 1,900. Akishindwa, angerudi kwa kafili wa zamani, Jeddah.

"Pesa ni nzuri, sikatai," asema. "Lakini mimi nilikuja Riyadh kwa sababu ya mama Mitchelle. Kurudi Jeddah sikutaka hata kusikia."

Wiki ya tano, vitundu vikaanza. Kila Jumamosi rangi ilitoka tanurini ikiwa na vijishimo kama uji unaotokota. Siku nyingine zote ilikuwa laini. Vyuma vya Jumamosi ni vile alivyoviosha na kuvitundika Alhamisi, kabla ya mapumziko ya Ijumaa.

Msimamizi wao, Mmisri aitwaye Usta Sabri, hakuwa na haja ya kutafuta mbali. "Aliniambia, 'Batatisi, ni mikono yako, ina mafuta,'" Hezron akumbuka.

Basi aliacha kujipaka mafuta hadi ngozi ikapasuka. Akabadilisha sabuni. Akaosha kila chuma mara mbili, kisha mara tatu. Jumamosi ya nne vitundu vilikuwa palepale, na Usta Sabri akampa wiki mbili tu. Zikipita bila nafuu, halas, Jeddah.

"Nilijiambia siondoki kabla sijajua," asema. "Kama ni mimi, sawa, nitaenda. Lakini nionyeshwe."

Ijumaa iliyofuata alimpigia simu mkewe. Valary, tuliyezungumza naye pia kwa simu, anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Nilimuuliza, Baba Mitchelle, Alhamisi huko kuna nini ambacho siku zingine hakuna? Akasema hakuna kitu, ni bosi tu huja na bukhuri."

Tangu wiki ile ya tano, kila Alhamisi baada ya Alasiri, mwenye karakana, Abu Turki, hupita na chetezo mkononi, udi ukifuka, akimfukizia kila mfanyakazi na kumpa pole ya wiki. Ni heshima kubwa, na Hezron anaipenda. Huko Jeddah hakuna bosi aliyewahi kumfanyia hivyo.

"Nikamwambia, ni hiyo!" asema Valary. "Madam hapa hufukiza wageni wakija. Kesho yake mimi ndio hupanguza vioo. Ukipitisha kidole kinateleza, kuna mafuta. Wanaume hawawezi kujua, kwani wao hupanguza lini?"

Kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Usta Sabri alikataa katakata kulifikisha neno hilo kwa bosi. Reuben naye alimsihi rafiki yake anyamaze.

"Nilimwambia, bro, wacha hiyo maneno," Reuben asema. "Mtu anakupa heshima, unamwambia inaharibu kazi? Utafunganya kesho."

Hezron hakuacha. Alhamisi iliyofuata alitundika mikono miwili ya pikipiki moja. Mmoja aliuacha wazi. Wa pili aliuviringisha kwa shuka safi na kuufungia kabatini. Katikati ya kulabu akaning'iniza kioo chake cha kunyolea. Jumamosi Reuben aliipaka yote miwili na ikaokwa pamoja. Uliofunikwa ulitoka laini kama yai. Uliobaki wazi ulitoka na vitundu.

Aliipeleka ofisini pamoja na kile kioo. Kuhusu udi hakusema kitu. Kwa Kiarabu chake cha kubebea mizigo, alimwomba Abu Turki apitishe kidole kwenye kioo. Kidole kikaacha mstari.

"Alikinusa," asema Hezron. "Akanitazama sana. Akauliza, 'Bukhuri?' Nikasema, 'Bosi, bukhuri kuwais. Hadid mafi kuwais.'"

Yaani bukhuri ni nzuri, chuma ndicho kibaya. Abu Turki alicheka hadi akashika meza. Kisha akauliza ni nani aliyegundua jambo hilo, na Hezron akamtaja mkewe.

Siku hizi vyuma vya Alhamisi hufungiwa chumba cha pembeni kabla ya Alasiri, na chetezo kinapita kama kawaida. Usta Sabri hakuomba msamaha, ila jina la Batatisi halijamtoka kinywani tena. Siku ya tisini ilipofika, Hezron alikuwa fundi. Anaionyesha ikama yake kwenye simu bila kuombwa, mara mbili.

Sasa anapigania likizo. Mitchelle, bintiye wa miaka saba, analelewa na nyanya yake Butere. Valary alimtembelea Januari. Hezron alikwenda mwaka juzi, na hajasahau alivyopokewa.

"Alinikumbatia, kisha akaangalia nyuma yangu mlangoni. Akauliza, 'Mama amebaki kwa gari?'"

Abu Turki ameshamruhusu kwa Desemba, na mke wa bosi huyo ameahidi kumpigia simu madam wa Valary ili naye apewe likizo. Madam bado anafikiria. Hezron ameambiwa akate tiketi yake mapema kabla bei haijapanda, lakini amekataa. Atakata mbili, au hatakata.

"Akiangalia nyuma yangu tena," asema, "nataka aone mtu."