Pankeki ya Kwanza

Mume wangu ni fundi saa, na ukitaka kumjua fundi saa, mwangalie akikata kitunguu. Anakiweka mezani, anakizungusha, anakitafakari, na mimi niliye pembeni yake nimeshalia machozi yangu yote kabla kisu hakijagusa kitu.

Kazini kwake ni meza moja yenye kioo, kwenye kibaraza cha duka la dawa. Kutwa nzima ameinama, lenzi imembana jichoni, anaokota skrubu ambazo mimi ningepiga chafya moja tu zikapotea. Saa ikichelewa nusu dakika kwa wiki, hairudishi kwa mwenyewe, anaifungua upya. Hapandishi sauti. Mimi mdomo wangu hauna breki, basi tumegawana kazi: mimi nasema, yeye anatengeneza.

Aliponioa nilikuwa mjane wa mwaka wa tatu, nina binti wa miaka tisa. Binti alimpokea kwa adabu zote. Shikamoo asubuhi, asante akipewa kitu, na kumwita "Fundi", kama alivyomwita siku ile tulipompelekea saa yangu iliyokatika mkanda. Adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Mtoto anayekupenda hukudekea, hununa, hukujibu ovyo mara moja moja. Huyu alikuwa anaishi na baba yake wa kambo kama mgeni aliyefikia kwa watu.

Mimi nafua shuka za hospitali, na Jumamosi naingia zamu alfajiri. Enzi za marehemu, asubuhi ya Jumamosi ilikuwa yao wawili. Alikuwa akimpikia binti pankeki za mtindi. Mimi nilichokijua ni kikaango kichafu nilichokikuta mchana, na mtoto aliyeshiba. Nikamsimulia Fundi hayo. Jumatano yake nikakuta chupa kubwa ya maziwa kabatini, imefunikwa kwa kitambaa, na pembeni karatasi iliyoandikwa saa na dakika aliyoyaweka.

"Yakiganda hayatakuuliza saa ngapi," nikamwambia.

"Yasiulize, mama. Mimi ndiye nataka kujua."

Ijumaa jioni aliitikisa ile chupa taratibu, mbele nyuma, mpaka siagi ikajikusanya juu vipande vipande. Akachuja, ukabaki mtindi mwepesi, mchachu, wenye harufu safi. Asubuhi akachanganya na unga, yai, chumvi kidogo na magadi soda. Pankeki ya kwanza ikatoka imechanika, katikati mbichi, pembeni imeungua. Akamrushia paka wa jirani dirishani. Akaendelea kupika, safari hii nzuri, za rangi moja, akampangia binti kwenye sahani. Binti akasema asante, hana njaa, akanywa chai na mkate mkavu.

Yote haya alinisimulia mwenyewe jioni, ameinamisha kichwa. "Ameiona ile ya kwanza," aliniambia. "Ameona sijui kupika."

Basi mwanamume akaishika ile pankeki ya kwanza kama saa iliyogoma. Alijaribu moto mdogo, moto mkubwa, mafuta haba, mafuta mengi. Akagundua kwamba kikaango kinataka kupata moto kwanza, unakipima kwa kiganja kwa juu, bila kukigusa. Baada ya wiki tatu pankeki ya kwanza ikawa inatoka nzuri kuliko zote, na hiyo ndiyo aliyompa binti, ya moto, juu kabisa ya sahani. Binti aliitazama, akaisukuma. Mkate mkavu tena. Subira yavuta heri, nilimwambia Fundi, lakini moyoni nilianza kuogopa. Mtu anaweza kubisha hodi kwa miaka mingapi ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Jumamosi moja mashine za kazini ziligoma, wakaturudisha nyumbani. Nikaingia jikoni nikilalamika tangu mlangoni: mashine, msimamizi, viatu vyangu vilivyolowa. Fundi akageuka kunisikiliza huku mkono unamimina. Kikaango hakijapata moto. Pankeki ikashika, ikachanika, ikawa vilevile kama ya siku ya kwanza. Akaikwangua, akaelekea dirishani kwa paka.

"Usimpe paka," binti akasema.

"Imeharibika, binti. Subiri nikupe nzuri."

"Najua imeharibika. Baba akipika, ya kwanza ilikuwa inaharibika kila siku. Alikuwa anaila yeye, anasema mbovu ya baba, nzuri zote zangu." Akanyoosha kidole dirishani. "Wewe ukampa paka. Halafu ukawa unanipa mimi ya kwanza. Ya kwanza siyo yangu."

Mimi, mama mzazi, miaka yote ile sikulijua hilo.

Binti akachukua sahani, akamkingia Fundi mpaka akaiweka ile pankeki humo, kisha akaitua mezani mbele ya kiti cha Fundi. "Kaa ule," akamwambia. Fundi akakaa, upawa bado mkononi, akaila yote, mbichi na iliyoungua. Binti alimsimamia mpaka tonge la mwisho.

"Haya. Sasa yangu."

Alikula nne. Mimi nililia, na siku hiyo hapakuwa na kitunguu.

Juzi nilikuwa mapumzikoni, nikawachungulia. Binti amekaa mezani, anambishia Fundi kuhusu kuchana nywele, hana adabu hata chembe. Na yule bwana asiyerudisha saa inayochelewa nusu dakika akanyoosha kiganja juu ya kikaango, akahakikisha bado hakijapata moto, ndipo akamimina.