Niliuliza Njia, Mama Akapanda Gari

Mimi sina subira, na watu wa Mweso wanajua. Ninaendesha jeep, ninabeba maharagi na mihogo ya watu, na muntu akichelewa kupakia ninawasha moteri, namuacha na magunia yake. Kwa hiyo asubuhi ile shemeji yangu, bwana wa mudogo wangu, aliponipigia simu na kuanza kunisalimia nyumba nzima, nilimukatiza.

"Shemeji, sema!"

"Mudogo wako iko na uchungu tangu jana. Mutoto anakataa kutoka. Munganga wa hapa anasema apelekwe hospitali Mweso, lakini pikipiki hataiweza."

Walikuwa wamehamia kijiji kingine, ng'ambo ya Kalembe, upande wa Walikale, penye sikuwa nimefika hata siku moja. Nikamuuliza njia.

"Ukishapita Kalembe, utaona penye palikuwa miti ya avoka za katekista. Pale unaacha njia kubwa. Unashuka mpaka kwa yule mama wa mawese, kisha unauliza."

"Kushoto ao kuume?"

"Unashuka tu. Iko hapa karibu."

Simu ikakatika.

Siwezi kukana, hata sisi wa huku Masisi tuko vile. Musafiri haambiwi kama ni mbali, atachoka mbele ya kufika. Kijiji kiwe nyuma ya milima mitatu, tutasema ni hapa tu. Nimewaambia watu wengi hivyo mimi mwenyewe, nikicheka. Siku ile sikucheka. Avoka za "palikuwa" nitazionaje, na zilishakatwa zikawa makala ya kupikia? Nilikuwa natukana peke yangu kwenye usukani. Mama yetu alikufa akimuzaa mudogo wangu huyo huyo. Mimi dada yake njo nilimubeba mugongoni mpaka akajua kutembea.

Nilipopita Kalembe, njia zilianza kugawanyika, kila moja inashuka. Avoka haiko, katekista haiko. Nikamuona mama mumoja anatoka shambani, jembe begani, furushi la sombe, majani ya mihogo, kichwani. Nikasimama.

"Mama, jambo. Kwa mama wa mawese ni njia gani?"

Aliniangalia kwanza. "Unatoka wapi? Unaenda kwa nani?"

Nikamumwagia yote kwa pumzi moja. Akatua furushi lake kandokando ya barabara, akatupa jembe nyuma ya kiti, akapanda akakaa karibu yangu.

"Mama, mimi niliuliza njia tu!"

"Njia njo hii. Washa."

Basi nikawasha. Maskini, nilifikiri nimepata bahati. Hatujaenda mbali, akasema, "Simama." Penye nyumba za kwanza akatoa kichwa dirishani, akaanza kuongea na watu kwa Kinyanga, lugha ya watu wa pori, yenye mimi sisikii hata kidogo. Waliongea, wakaangalia mawingu, wakatikisa vichwa. Tukaondoka. Nyumba zingine: "Simama." Salamu tena, maneno tena. Tuliteremuka mulima mumoja wa udongo mwekundu, gari linateleza, na chini yake wanaume walikuwa wanapasua mbao. "Simama."

Hapo nilipasuka. "Mama, mudogo wangu anakufa, na weye unapiga masimulizi!"

"Endesha, mwanangu," alisema. Njia alinionyesha kwa kidevu tu: hapa, pale, hapana, ile.

Tulimukuta mudogo wangu amelala kwenye godoro mulangoni, midomo imekauka. Alinishika mukono. Tukamupandisha nyuma, shemeji akamupakata. Nikajiambia, sasa njia ninaijua, sihitaji muntu. Yule mama alipanda tena bila kuulizwa.

Mvua ilitukamata njiani. Mulima ule wa udongo mwekundu ulikuwa mbele, na kwa mvua ile haupandiki. Nilijua. Nyuma mudogo wangu alikuwa analia kama mbuzi, kisha hata nguvu ya kulia ikamuisha.

Kisha nikaona watu. Wale wa mbao, na wale wa nyumba zote, wanaume na wamama, miguu wazi ndani ya matope. Walikuwa wametandika matawi na mbao kwenye mulima wote. Shemeji, mwenye kusikia lugha yao, akaniambia kutoka nyuma: "Wanasema mama aliwaomba. Kila penye mulisimama aliwaambia mutarudi na mugonjwa, na mvua inakuja."

Mama alikuwa ameshateremuka kusukuma. Nikakanyaga. Gari likaunguruma, likateleza, likashika mbao, likapanda. Juu nikapunguza mwendo nimungoje. Nikamuona kwenye kioo, matope mpaka magotini, anapunga mikono miwili:

"Usisimame! Enda! Enda!"

Nikaenda.

Hospitali Mweso wanganga walimupasua jioni ile ile. Mutoto mwanamuke, anapiga kelele kama mimi, na mama yake muzima. Nilikaa chini inje ya hospitali nikalia mbele ya watu, sikuona haya.

Nikiosha jeep, nikakuta jembe la yule mama nyuma ya kiti. Mupini umelainika kwa mikono yake. Nikanunua kitenge, nikasema nitamupelekea vyote siku ya soko. Siku ile haijafika, masasi ya bunduki yalianza kulia upande ule, vijiji vikakimbia. Nilijaribu kwenda mpaka penye nilimukuta. Barabara ilikuwa pale pale, lakini hakukuwa na muntu hata mumoja wa kuuliza.

Wengine walikimbilia Mweso. Ninawauliza. "Mama mufupi, mwenye kuonyesha njia kwa kidevu?" Wananiambia, aah, yule, uliza kwa kanisa. Kwa kanisa wananiambia alipita, ameshuka. Roho yangu haitulii. Muntu wa shamba bila jembe anakula nini? Hata jina lake sikumuuliza.

Sasa kila nikiona mama kandokando ya barabara, ninazima moteri, mimi mwenye sina subira, ninateremuka, ninasalimia nyumba nzima. Kisha ninauliza, yule mama iko wapi. Na wao, kwa huruma, wananijibu vile tunajibuga sisi wote:

"Iko hapa karibu, dada. Hapa tu."